Nina Jumamosi moja tu Iceland, niende wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa uvuvi nipo Mikindani, nimepata ile nafasi ya mafunzo ya miezi 6 Iceland, naondoka mwezi wa tisa. Nikiangalia ratiba naona Jumamosi ya kutembea ni moja, katikati ya Novemba, na hela yenyewe ni ya kuungaunga. Nataka nione yale maji yanayoruka kutoka ardhini, maporomoko, na mambo ya volkano. Wenzangu kwenye grupu letu la wasap, mmoja Mganda mmoja Mmalawi, wanasema tukodi gari twende wenyewe mpaka ule ufukwe wenye mchanga mweusi, eti nafuu kuliko basi la watalii. Niende nao? Bahari mimi naijua, nimezaliwa Msimbati. Halafu mama anauliza, hiyo volkano haitalipuka nikiwa huko?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Jibu nakupa hapahapa juu usihangaike kulitafuta chini: pandeni basi la watalii, mwende ile njia wanayoiita Golden Circle, ufukwe mweusi uache mpaka Machi ukikaribia kurudi, kama utapata siku nyingine, na gari msikodi. Sasa ngoja nikueleze kwa nini, na nitaeleza kwa kirefu maana na mimi nilifika kule najifanya najua, mtoto wa Lindi nimesoma jiolojia, nimeenda miezi 6 vilevile ila upande wa jotoardhi, nikaishia kusimama kwenye kituo ambacho sicho, basi likanipita naliona, hela imeenda.

Kitu cha kwanza ambacho sisi watu wa huku hatukifikirii kabisa ni jua. Hapa linatoka saa kumi na mbili linazama saa kumi na mbili, likizidi linazidi kidogo tu, hata huliwazi. Kule katikati ya Novemba linatoka karibu saa nne asubuhi na saa kumi na nusu jioni limeshazama, na mchana wenyewe halipandi juu, linatambaa pembeni kule kama linataka kuondoka. Desemba ndo balaa, mwanga ni kama masaa manne hivi basi. Kwahiyo siku yako moja sio siku, ni kama masaa sita na nusu ya kuona kitu, na hapo ndo hesabu ya safari inapoanzia.

Golden Circle kuanzia Reykjavík kuzunguka mpaka kurudi ni kama kilomita 230 na kidogo, chukulia umetoka Mtwara ukaenda Lindi ukarudi ukabakiza mchepuko. Vitu vitatu vikubwa vyote vimo humo na viko karibukaribu. Ufukwe mweusi uko Vík, kule kusini, kilomita 180 na zaidi kwenda tu, ukirudi ni kama umekwenda Masasi na kurudi Mtwara siku hiyohiyo, na nusu ya njia unaendesha gizani. Kuna watu wanauza safari ya siku moja mpaka kwenye ziwa la mapande ya barafu, Jökulsárlón, hiyo ni kama kilomita 370 kwenda peke yake, zaidi ya Mtwara mpaka Nangurukuru, na bado hujarudi! Wanaoenda hivyo Novemba wanalipa hela nyingi kuangalia kioo cha dirisha kilichojaa ukungu.

Na hapo gari la kukodi ndo linapokuwa tatizo. Kwanza wote watatu mmezoea kushoto, Tanzania, Uganda, Malawi, kule ni kulia. Hilo mngelizoea. Barafu ndo hamtaizoea kwa siku moja, maana kuna ile nyembamba inayolala juu ya lami, unaona kama barabara imelowa tu kumbe ni kioo, ukikanyaga breki gari linakwenda linakotaka lenyewe. Na upepo. Usiniambie kusi, kusi naijua, kusi ya mwezi wa saba inazuia ngalawa kutoka lakini haing'oi mlango wa gari kwenye bawaba zake. Kule inang'oa, ukifungua mlango upepo ukiwa unatoka nyuma unaondoka nao, na bima nyingi za magari ya kukodi mlango uliong'olewa na upepo hazilipi, unalipa wewe. Sasa hiyo nafuu mliyopiga hesabu kwenye wasap iko wapi.

Haya, siku yenyewe. Mabasi mengi yanatoka Reykjavík kama saa tatu asubuhi, giza bado, usishangae. Mabasi makubwa hayaruhusiwi kuingia katikati ya mji kwahiyo watu wanachukuliwa kwenye vituo vyenye namba, na tiketi yako itaandikwa namba ya kituo. Soma namba. Mi niliangalia jina la mtaa nikadharau namba, na kampuni yenyewe nilipowapigia wakanijibu kwa upole kabisa kwamba basi lilisimama dakika tano na hakukuwa na mtu.

Mnaanzia Þingvellir, hiyo herufi ya kwanza itamke kama "th" ya thamani. Wenyeji wanapaheshimu sana kwasababu bunge lao lilianza pale mwaka 930, watu wanakusanyika nje chini ya ukuta wa mawe, na jamhuri yao ilitangazwa palepale tarehe 17 Juni 1944. Lakini wewe angalia ardhi. Utashuka kwenye korongo linaitwa Almannagjá, kuta za mawe meusi juu yako, umesimama kwenye ufa ambapo mabamba mawili, yani vipande vikubwa vya ganda la dunia, la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia, yanaachana, ukichukua kisiwa kizima ni kama sentimita 2 kila mwaka. Kidogo eh? Piga hesabu toka hilo bunge lianze, miaka karibu 1,100, inakuja mita 20 na ushee, mabasi mawili ya Dar yamepangwa mkia kwa pua. Ni ndugu wa bonde letu la ufa hilo, tofauti letu linachana bara, lao ni ule mgongo wa katikati ya bahari ya Atlantiki uliopaswa kuwa chini ya maji, ila pale umetokeza juu.

Sasa mwongoza watalii atakwambia simama hapa, mguu mmoja uko Marekani mguu mwingine Ulaya, piga picha. Piga, mama atafurahi. Ila we msomi ujue sio kweli, huo mpaka sio mstari, ni bonde zima la kilomita kadhaa lenye nyufa kibao, na we uko katikati ya nyufa mojawapo.

Halafu mnaenda Haukadalur, na hapa ndo uombe dakika zisiishe. Kuna chemchemi moja inaitwa Geysir, Kiaislandi maana yake ni kama "yenye kububujika kwa nguvu", na ndo iliyotoa jina ambalo Wazungu wanaita chemchemi zote za kuruka duniani. Yenyewe siku hizi imelala, inaamka kwa nadra, mara nyingi matetemeko yakiitikisa kama mwaka 2000. Zamani walikuwa wanaitilia sabuni ili iruke mbele ya wageni, wameacha. Utakayoiona ni jirani yake, Strokkur, jina la chombo cha kusukia siagi, hiyo inaruka kila baada ya dakika tano mpaka kumi hivi, kwa kawaida mita 15 mpaka 20, siku ikiwa na hasira inafika mpaka 40.

Usikimbilie kushika simu. Ya kwanza itazame kwa macho. Ni kidimbwi tu cha mviringo, mvuke unatoka, harufu ya yai viza (ndo salfa hiyo, hata maji moto ya bombani Reykjavík yana harufu hiyo, utaizoea). Maji yanajaa, yanashuka, yanajaa, yanashuka, kama kifua cha mtu mnene amelala mchana. Watu wamezunguka kamba kimya, mikono juu na simu. Halafu katikati panavimba kuba la bluu, laini, linang'aa kama tako la chupa, hata sekunde moja haifiki, unaona ndani yake kiputo kikubwa cha mvuke kinapanda, na kabla hujasema mama yangu limeshapasuka liko juu ya kichwa chako na watu wanapiga kelele. Hilo kuba ndo la kuvizia. Picha za nguzo ya maji zimejaa intaneti nzima, kuba ndo wengi wanalikosa kwasababu walikuwa wanatafuta kamera.

Kinachotokea ni kama presha kuka. Kuna bomba jembamba linashuka ardhini kwenye mawe ya moto, maji ya chini yanapata joto lakini yamelaliwa na uzito wa maji yaliyo juu, kwahiyo yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ikifika mahali viputo vikasukuma maji kidogo ya juu yakamwagika, mzigo umepungua, yale ya chini yote yanageuka mvuke kwa mpigo, kama mtu kafungua kifuniko cha presha kuka kabla haijapoa. Baada ya hapo bomba linajaa tena, linaanza upya. Ndo maana chemchemi za aina hii ni chache duniani, unahitaji joto, maji, na bomba gumu lenye umbo linalofaa, kimoja kikikosa unapata maji moto ya kawaida tu, kama yale Maji Moto ya kwenye hifadhi ya Nyerere kule Rufiji, yanatoka ya moto lakini hayaruki. Zinazoruka karibu na sisi ziko Ziwa Bogoria, Kenya.

Mambo mawili pale. Simama upepo unakotoka, sio unakoelekea, mi nilisimama vibaya na jinzi nimevaa, nikanyeshewa, na jinzi iliyolowa kwenye nyuzi 2 na upepo sikutakii. Na usitie kidole kwenye vijito vinavyopita pembeni ya njia hata kama vinaonekana vidogo kama vya kuoshea miguu, maji yale ni nyuzi 80 mpaka 100, kila mwaka kuna mtu anaungua kwa kutaka kuhakikisha.

Gullfoss ni kilomita 10 tu mbele. Ajabu yake huioni mpaka uwe juu yake, maana mto Hvítá haurukii kwenye mlima, unatumbukia kwenye ufa, umekuja mpana umetulia halafu unapiga hatua mbili, ya kwanza mita 11, ya pili mita 21, na unapinda unaingia kwenye korongo kama ardhi imeumeza. Maji yanatoka kwenye barafu kubwa ya Langjökull. Mi nilifika Novemba ya mwanzoni, ile njia ya chini inayokupeleka mpaka ukingoni walishaifunga kamba kwa barafu, na kuna jamaa wa kundi letu alitaka kuruka kamba eti dakika moja tu, mwongozaji wetu, mama wa makamo mpole asubuhi nzima, alimkemea kwa sauti ambayo basi zima tulikaa kimya mpaka mjini. Ukikuta imefungwa tazamia juu, na juu ndo unaona umbo lote.

Waombe wawasimulie habari za Sigríður, binti wa mkulima wa shamba la Brattholt lililo jirani. Wawekezaji walitaka kujenga umeme pale mwanzoni mwa karne iliyopita, yule mama akapigana nao miaka, akiifuata kesi yake mpaka Reykjavík, na inasimuliwa alitishia kujitupa humo wakianza kuchimba. Umeme haukujengwa. Wakili wake, Sveinn Björnsson, ndo aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo 1944.

Safari zingine zinapitia Kerið mkirudi, zingine hazipiti, uliza kabla hujalipa. Ni kreta ndogo, yani shimo la mdomo wa volkano, kama mita 55 kwenda chini, maji chini yake, na kuta nyekundu. Wekundu ule we unaujua, ni ule wa udongo wa Newala, chuma kimepata kutu. Ukiulizia volkano ya kutembea pembezoni mwake bila kupanda mlima, hiyo. Kuna pia safari zinazomalizia kwenye bwawa la maji moto, kiingilio mara nyingi kiko nje ya bei, na ujue kabisa kule kabla ya kuingia bwawani unaoga uchi, chumba kimoja na wanaume wenzio, ndo sheria yao, kama huwezi baki kwenye basi ule korosho zako.

Sasa hiyo bahari unayoijua.

Nimeacha hili hapa kwasababu ndo sentensi iliyonifanya nikae chini nikujibu. Ufukwe mweusi wa Reynisfjara umeua watu, na kinachowaua sio ujinga wa kutojua bahari, ni uzoefu wa bahari nyingine. Msimbati kwetu nje kuna matumbawe, wimbi linavunjikia kule, likikufikia mguuni limeshachoka. Pale hakuna kitu nje. Upande wa kusini ni Atlantiki tupu, wimbi limesafiri maelfu ya kilomita, halafu chini ya ufukwe panashuka ghafla, kwahiyo linakuja na nguvu zake zote. Na halina adabu ya kufuatana, unaweza kuona madogo kumi, ukazoea, ukageuka kupiga picha na zile nguzo za mawe, la kumi na moja linapanda mita nyingi zaidi ya mengine, linakupiga magotini, kokoto zinakimbia chini ya miguu yako, na linaporudi linarudi na wewe. Maji ni ya baridi ya kukukata pumzi, nguo nzito zimejaa maji, hata anayejua kuogelea hana dakika. Boti hazikai pale.

Kuna taa za tahadhari wameweka pale njiani. Ukienda huo mwezi Machi, taa ikiwa nyekundu usishuke kwenye mchanga, na hata ikiwa sio nyekundu usiyape mgongo maji hata mara moja. Machi mwanga upo wa kutosha, unaunganisha na Seljalandsfoss na Skógafoss njiani, maporomoko ya mita 60 kila moja, na mlima Eyjafjallajökull uliosimamisha ndege za Ulaya 2010 unaupita ubavuni. Na hapo pia nenda na basi.

Kuhusu mama. Mwambie volkano zinazosumbua miaka hii ziko rasi ya Reykjanes, upande wa uwanja wa ndege. Zilikuwa zimelala kama miaka 800, zikaamka Machi 2021, halafu tarehe 10 Novemba 2023 mji wa Grindavík, wa wavuvi kama sisi, watu karibu 4,000, ukahamishwa usiku mmoja, na mwezi uliofuata lava ikaanza kutoka jirani yake. Imetoka mara kadhaa tangu hapo. Lakini inatoka kwenye nyufa, ni lava ya kutiririka zaidi kuliko ya kupasua mlima, wanaipima kila saa na wakiona dalili simu zote za eneo zinapigwa meseji. Njia ya Golden Circle haipiti huko. Mabaki ya zamani ya lava utayaona kila mahali yamefunikwa na mimea midogo laini ya kijani (moss) kama godoro, usikanyage, inachukua miaka mingi sana kuota tena na wenyeji wanakasirika kweli. Mwambie pia mama Ijumaa jioni kabla ya safari utaangalia vedur.is, tovuti yao ya hali ya hewa, na rangi ikiwa ya chungwa au nyekundu huendi popote, kampuni nyingi zenyewe zinaahirisha, we hakikisha tu kabla ya kulipa kwamba wakiahirisha hela inarudi au unapewa siku nyingine. Mchukue basi dogo kama bei haijapishana sana, mnashuka haraka na mnapanda haraka, kwenye masaa sita ya mwanga hiyo ni dakika nyingi.

Chakula beba. Supu ya kondoo pale Gullfoss ni tamu ila bei yake ukiigeuza shilingi utaacha kijiko. Mayai ya kuchemsha, mkate, na kilo mbili za korosho zilizobanguliwa utoke nazo nyumbani, zitakutunza na ndo zawadi ya kumpa mwongozaji, wanazipenda.

Nguo nunua huku. Nenda soko la mitumba Mtwara mjini, waulize wanaofungua marobota, kuna makoti mazito ya baridi wanayatupa pembeni maana hapa nani atavaa, unapewa kwa bei ya kuondoa uchafu. Tafuta la nje lisiloingiza maji lenye kofia, suruali ya mvua ya kuvaa juu, na sweta la sufu la kweli, sio la nailoni. Mwavuli usibebe, upepo utaugeuza hata hujatoka kituoni. Zile njumu za mpira na vyuma za kuvalisha chini ya viatu ndo nunua kulekule, huku hazipo. Koti ukilipata usiliamini kwa macho, livae, toka nje, mwambie mtu akumwagie ndoo nzima mgongoni halafu kaa nalo nusu saa. Fulana ya ndani ikilowa, rudi sokoni.